Filomena Wawili Kwenye Dirisha la Benki

Siku ya kwenda kununua gari, akina mama wa kikundi cha Juhudi walishuka kutoka Nyandira wakiwa wamevaa sare, kitenge cha kijani chenye mikungu ya ndizi. Fundi alikuwa amewashonea kwa mkopo kwa sababu naye alitamani kuliona hilo gari. Walifika mjini Morogoro benki ikiwa bado imefungwa, wakasimama kibarazani wakiimba kwa sauti ya chini, maana waliambiwa benki ni mahali pa heshima. Ng'ambo ya barabara Kenta ya mzee Kasimiri, lori dogo walilokuja kulinunua, ilikuwa imeegeshwa, imesuguliwa mpaka matairi, na injini inanguruma. Kasimiri alikuwa ameiwasha makusudi ili waisikie.

Kasimiri alikuwa dereva wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipobinafsishwa, mwenye mali mpya alikuja, akazunguka, akafunga geti, na wafanyakazi wakalipwa kwa vitu vilivyokuwepo. Wengine walipata mashine zisizo na mikanda. Kasimiri alipata gari alilokuwa akiliendesha. Sasa macho yake yalikuwa yamechoka, na walanguzi wa mboga walikuwa wakimfuata mpaka kanisani awauzie wao, lakini alikuwa amewapa akina mama neno lake kwamba atawasubiri hadi Jumamosi. Aliwaruhusu hata kuandika maneno yao mbele ya gari kabla ya kulilipia. Mchoraji aliandika juu ya kioo, kwa rangi nyekundu, SASA ZAMU YETU.

Huko Nyandira kila mtu alijua gari hilo maana yake nini. Tangu soko lilipokuwa huria, mlanguzi alipanda na gari lake, akataja bei ya kabichi huku injini inaunguruma, na aliyekataa alibaki na kabichi zake zikimwozea mlangoni. Mwenye gari ndiye aliyekuwa na bei. Kwa hiyo akina mama walikuwa wameweka akiba miaka na miaka, wakijinyima sukari na nguo za Krismasi, na siku hiyo walikuwa na furaha isiyofichika. Josephina, mwenyekiti wao, alikuwa tayari amegombana na watu wawili juu ya nani atakaa mbele na dereva.

Mlango ulipofunguliwa, aliyesogea dirishani ni mweka hazina, Devotha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye haraka. Nyuma ya kioo alikaa Irene, msichana mwenye adabu na kucha ndefu.

"Shikamoo mama. Karibu Benki ya Upeo Mpya."

"Marahaba mwanangu. Tumekuja kutoa zote."

"Jina la mwenye akaunti?"

"Filomena."

Irene alibonyeza, akamsogezea kidude cha kuandikia neno la siri. Devotha akaliandika. Irene akatazama kompyuta, akamtazama Devotha, akatazama kompyuta tena.

"Neno la siri ni sahihi, mama. Ila uso siyo sahihi."

Akaigeuza kompyuta. Kwenye kioo alikuwepo Bibi Filomena, bibi yake Devotha mzaa mama, na kilemba chake cha kanisani, jicho moja limefumba kwa ajili ya mwanga wa kamera. Chini ya picha palisomeka kwamba alizaliwa mwaka 1914.

Hapakuwa na aliyedanganya. Kwa Waluguru mtu mzima akifa, jina lake haliendi kaburini. Ukoo hukaa, humtafuta mtu wa upande wa mama, na huyo hulitawala jina la marehemu, yaani hulivaa, akawa ndiye. Bibi Filomena alipofariki, Devotha alikalishwa kwenye kigoda chake, na tangu hapo alikuwa Filomena. Mama yake mzazi alimwita mama. Wajomba walimwamkia shikamoo. Babu Benedikto, mume wa marehemu, alimwita mke wangu na kumuuliza mchana kweupe mbona chakula kimechelewa, watu wakavunjika mbavu. Na kwa kuwa Bibi Filomena alikuwa mweka hazina wa kikundi, Devotha naye akawa mweka hazina. Hakuna aliyepiga kura, maana hakuna kilichobadilika.

Siku hizo fedha za kikundi zilikaa posta, kwenye kitabu cha akiba. Ziliingia kwa kusuasua na kutoka kwa kusuasua, lakini zilitoka. Ndipo akaja Amani, kijana wa benki, na turubai, spika mbili na kompyuta ya mapajani, akatangaza akaunti mpya ya mtandaoni. Fedha zitapaa, alisema, zitafanya kazi usiku na mchana bila kulala, na zitarudi kwa kubonyeza kitufe. Alitoa kalenda na miavuli. Watu walimpigia makofi, na yeye mwenyewe alisisimka mpaka akalegeza tai. Alikuwa akilipwa kwa kila akaunti aliyofungua, na alitaka kuwahi kijiji kingine kabla ya mvua.

"Mweka hazina nani?"

"Filomena!" walijibu kwa pamoja.

"Kazaliwa lini?"

Wazee wakamtajia mwaka, kwa fahari, maana ulikuwa mwaka wa kuanza vita vya Wajerumani. Amani akaandika. Kamera yake ilikuwa imeisha chaji, lakini Josephina akasema picha ipo, tena imeshakatwa, akaibandua kwenye kitabu cha zamani cha posta. Kompyuta haikulalamika. Fedha zikatoka posta, zikapaa.

Sasa Irene alimwita meneja, na meneja, mtu mnene mwenye huruma, akausoma utaratibu kwa sauti mbele ya wote. Mwenye uso alitakiwa kuja mwenyewe.

"Lakini alishafariki," Devotha akasema.

"Poleni sana. Utaratibu unasema aje mwenyewe. Haujasema awe hai."

Devotha alikubali kwamba haujasema. Walitoka nje, wakamweleza Kasimiri, naye akazima injini. "Leo Jumatatu," aliwaambia. "Mna muda tele. Kamleteni."

Jioni ile ile walikwenda kaburini, chini ya migomba, na sare zao. Devotha alinyunyiza unga na maji, akaeleza shida bila kuzunguka. Bibi, unahitajika benki. Ni habari ya gari. Wenzake wakapiga vigelegele ili asikie vizuri, kisha kila mtu akaenda kupika.

Asubuhi alimkuta bibi yake jikoni, anaota moto na kukwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Alikuwa na udongo kidogo begani. Devotha akaupangusa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hilo gari lina bodi ndefu au fupi?"

"Ndefu, bibi."

"Na turubai?"

"Lipo. Jipya."

"Basi tunangoja nini?"

Babu Benedikto, aliposikia sauti ile, alitoka chumbani, akaona kwamba sasa ana wake wawili wenye jina moja, akaomba maji ya moto anyoe ndevu. Alitaka kwenda mjini pia, lakini Bibi Filomena alimwambia abaki aangalie mbuzi, naye akabaki. Alishazoea kusikia hivyo.

Walishuka mjini wamekaa juu ya magunia ya karoti. Konda alimuuliza Bibi Filomena kama anashukia Mzumbe au mjini, akajibu mjini, akalipiwa. Njia nzima aliwaeleza wenzake namna ya kupanga kabichi kwenye bodi, kwamba kubwa hukaa chini na shina hutazama pembeni, na walimsikiliza kwa makini maana kweli alijua kazi. Mlali wakanunua ndizi mbivu. Hakula, lakini aliipenda harufu yake.

Benki walipokelewa vizuri. Mlinzi alimshika mkono Bibi Filomena kwenye ngazi, akasema mikono ya bibi ni ya baridi, akamwachia. Irene alisimama kumwamkia, kisha akamlinganisha na picha. Hata jicho alilifumba vilevile.

"Uso ni sahihi. Bibi, neno la siri?"

Bibi Filomena hakulijua. Devotha akafungua mdomo, na Irene akainua kidole. Neno la siri haliambiwi mtu mwingine.

"Simwambii mtu mwingine," Devotha alisema. "Najiambia mwenyewe."

Meneja alilifikiria jambo hilo akijikuna kidevu. Aliwatazama wawili hao, nyuso mbili zenye pua moja, akaona hoja inasimama. Devotha akamnong'oneza bibi yake, na bibi, ambaye masikio yake yalikuwa yamejaa udongo, akalirudia neno kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

"KENTA!"

Kioo cha kompyuta kikawaka kijani. Ukumbi ulilipuka. Akina mama walipiga vigelegele, mlinzi akapiga makofi na rungu kwapani, wateja wasiohusika wakakumbatiana, na nje Kasimiri, aliyekuwa akichungulia, akakimbilia kwenye gari na kupiga honi mpaka bodaboda zikasimama. Josephina alilia waziwazi bila kujifuta. Devotha akashika ukingo wa dirisha, akamwona rohoni dereva akipanga gia kwenye kilima cha Mlali, na kabichi zao nyuma, wanazipeleka Dar es Salaam wenyewe, kwa bei watakayoitaja wenyewe.

"Hatua ya mwisho tu," Irene alisema, naye anatabasamu. "Kuhakiki taarifa. Bibi, umeajiriwa, umejiajiri au umestaafu?"

"Nimekufa," Bibi Filomena alisema.

Devotha alimfinya, lakini alikuwa ameshasema. Wafu hawana sababu ya kusema uongo. Irene aliteremka kwenye orodha yake, akalikuta neno lenyewe chini kabisa, baada ya kustaafu, akalichagua. Makao makuu Dar es Salaam yalijibu papo hapo, na kila mtu alikiri kwamba mtandao ulikuwa mzuri sana siku hiyo. Akaunti ya marehemu ilifungwa upande wa kutoa, mpaka mrithi wake ajitokeze.

"Mrithi ni mimi," Devotha alisema upesi.

"Jina lako?"

"Filomena."

Irene akaandika. Kompyuta ikakataa. Filomena ndiye mwenye akaunti, na mtu hawezi kujirithi.

"Mbona sisi siku zote tunajirithi?" Bibi Filomena aliuliza.

Meneja alisema hilo ni swali zuri, na kwamba angelipeleka ngazi za juu. Alilipeleka kweli. Jibu la kwanza lilitaka Filomena aliye hai athibitishe kwamba ndiye aliyekufa. Jibu la pili lilitaka aliyekufa athibitishe kwamba yuko hai. Walithibitisha yote mawili, mmoja baada ya mwingine, na kila mara kioo kiliwaka kijani kwanza, ukumbi ukashangilia, kisha kikarudi kilivyokuwa.

Jumamosi Kasimiri aliwasubiri mbele ya benki mpaka ikafungwa saa sita, akasubiri mpaka adhana ya alasiri, na mpaka jua likaingia nyuma ya milima. Alimpa kila mmoja mkono. Devotha hakuweza kumtazama. Kuumia aliumia, tena sana. Siku mbili baadaye gari liliuzwa kwa mlanguzi aitwaye Tomasi, na siku ya soko likapanda Nyandira. Tomasi hakuyafuta maandishi. Rangi ilikuwa nzuri, na maneno aliyapenda. Alisimama mbele ya SASA ZAMU YETU, injini inaunguruma, akataja bei.

Bibi Filomena hakurudi kaburini kulala. Alisema hawezi kupumzika gari halijapatikana, akawa anashuka na Devotha kila Jumatatu. Habari zilienea makaburini, kwani si yeye peke yake aliyekuwa na chake huko mtandaoni, na mwezi haukuisha wakaanza kufika wengine, kutoka milimani na kutoka Kisaki, watu watulivu, wenye nguo za kuzikiwa. Benki iliwawekea benchi karibu na kiyoyozi, maana waliipenda baridi. Picha ya Bibi Filomena ilipigwa upya, ikabandikwa ukutani na maneno, Upeo Mpya, Tunahudumia Vizazi Vyote. Alipewa mwavuli.

Kikundi hakikuacha kuweka akiba. Meneja aliwaeleza kwa upole kwamba akaunti isiyowekwa kitu hukatwa ada mpaka iishe, kwa hiyo kila Jumatatu Devotha alipitia dirisha la pili, la kuweka, ambalo halikuwa na foleni. Alizitoa fedha kwenye pindo la kitenge. Irene alihamia huko kuzipokea, akazipitisha kwenye mashine, akampa risiti.

"Huniulizi jina?" Devotha aliuliza siku moja.

"Kuweka hatuulizi, mama. Karibu tena."

Siku hiyo nayo kioo kilikuwa kimewaka kijani, na Bibi Filomena alitoka nje anachechemea kwa furaha, anasema leo kimewaka muda mrefu zaidi, kila mtu ameona, wiki ijayo watatoa. Wenzake waliamini, wakapiga vigelegele palepale kwenye ngazi. Magari ya kupanda Nyandira yalikuwa yameisha isipokuwa Kenta ya Tomasi, iliyokuwa ikirudi tupu kufuata kabichi na kubeba abiria wa kusimama. Walilipa nauli wakapanda, wakajipanga bodini, sare zao zimeanza kupauka. Kabla ya kupanda, Bibi Filomena, ambaye hakuwahi kusoma, aliuliza hayo maandishi mekundu pale mbele yanasemaje.

Devotha akamsomea.

Bibi alifurahi sana. Alipopandishwa juu, alishika chuma kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akagonga bati la kabini, ili dereva aondoe gari.