Mkaa Chini ya Jiwe la Mpaka

Kasisi Ambrose Thirkell hakuwa na mke. Hakuwa na farasi, wala meno mawili ya mbele, wala rafiki mwenye cheo mjini London. Hakuwa na sauti: mahubiri yake yaliishia benchi ya tano, na waliokaa nyuma walimfuata kwa kutazama mikono yake. Hakuwa na kitabu hata kimoja chenye jina lake juu, jambo lililomuuma kuliko meno. Na ingawa kwa miaka mitatu alikuwa akituhubiria habari za Virginia, nchi ya ng'ambo ya bahari, bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Thornsby iko katikati kabisa ya Uingereza. Maji makubwa tuliyokuwa nayo ni bwawa la kinu.

Alichokuwa nacho ni ramani. Aliitundika ukutani juu ya meza yake: pwani ya Virginia, mito yake, vijiji vichache vya wenyeji, watu wadogo wenye pinde, na nyuma yao karatasi tupu. Kasisi aliipenda ile sehemu tupu kuliko yote iliyochorwa.

"Tazama, Lambert," aliniambia mara nyingi. "Mungu ameacha nafasi."

Mimi nilikuwa karani wake kanisani. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, jioni baada ya jioni, nikiwa na miaka thelathini na minne na mikono iliyozoea jembe. Kwa hiyo ninayoandika hapa nayajua, na kama nimekosea ni kosa langu, si lake.

Hakuwa mnafiki. Aliona vijana wetu wakioa bila kipande cha ardhi, kondoo wakila pale palipokuwa na ngano, na akaamini kwamba Virginia ilikuwa jibu. Aliamini pia kwamba wenyeji wa huko walikuwa wakingoja Injili, nasi tungewapelekea. Bwana Everard Holbeche, aliyemiliki nusu ya Thornsby na kununua hisa katika safari za kwenda huko, alimsikia akihubiri hivyo, akapendezwa. Wakati wa Kwaresima alimpa ahadi. Kasisi akipata kaya nane za Thornsby zilizo tayari kuhama, na orodha ikafika London kabla ya Pentekoste, wakubwa wa safari watayachapa mahubiri yake, jina lake likiwa juu.

Kufikia Pasaka alikuwa na kaya saba. Ya nane haikupatikana. Alikwenda mara tatu kwa Gilbert Pask, fundi wetu wa kuezeka, mtu mwenye nguvu na mikono miwili mizuri, na mara zote tatu akajibiwa na mkewe, Tamsin.

"Kasisi, mimi nina ng'ombe mmoja na malisho ya kijito," alisema. "Huko kwenu kuna nini?"

"Si kwetu, mama. Ni Virginia."

"Basi kama si kwenu, unawagawiaje watu?"

Kasisi alicheka kwa adabu, akaondoka.

Ikaja Jumatatu ya juma la Kupaa, siku ambayo parokia hutembea mpaka wake. Mambo haya kwetu hayana mchezo. Wazee hutangulia, hata wasioweza kutembea hubebwa kwa mkokoteni, kwa kuwa wao ndio wanaoyajua mawe. Kwenye kila jiwe kasisi husoma zaburi, kisha hutamka laana juu ya yeyote anayesogeza jiwe la mwenzake, na watu huitika amina. Halafu mmoja hupinduliwa, akagongwa matako juu ya jiwe ili asilisahau mpaka kufa. Halafu bia na mkate. Palipotembewa na kasisi na kuitikiwa amina, hapo ndipo mpaka, na hakuna hakimu atakayepapinga hadi patembewe tena.

Mwaka ule Kasisi alikuwa na haraka. Barua ya London ilimkaa kichwani. Mzee Jerom Cobbold, aliyekuwa akitangulia kwa miaka arobaini, alituma neno kwamba magoti yamemshika, wamngoje alete mkokoteni wa mwanawe. Kasisi hakungoja. Bwana Holbeche alikuwa amemwazima ramani mpya ya parokia iliyochorwa na mpimaji kutoka mjini, na Kasisi, Mungu amsamehe, alikuwa mtu wa ramani.

"Ramani haiumwi magoti," alisema, na watu wakacheka, nami nikacheka.

Tukatembea kwa kasi. Tulipofika kijitoni, ramani ilionyesha jiwe upande wetu wa maji, na kweli jiwe lilikuwapo, jeupe, limesimama wima. Gilbert Pask alikuwa juu ya paa la mtu siku hiyo, na Tamsin alikuwa sokoni na siagi yake. Wengine tulinong'ona kidogo. Nilidhani miaka yote jiwe lile lilikuwa ng'ambo ya kijito, ambako ardhi ya Holbeche inaanzia, lakini nilimtazama Kasisi akifuata mstari kwa kidole, nikajiambia karatasi inajua zaidi. Akasoma zaburi. Akatamka laana. Nikaitika amina kwa sauti kubwa, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Alhamisi, baada ya ibada ya Kupaa, Tamsin Pask alikuja nyumbani kwa Kasisi. Mimi nilikuwa pale nikichonga kalamu zake. Hakukaa.

"Tuandike," alisema. "Gilbert Pask na mkewe."

Uso wa Kasisi uling'aa. "Umekubali, mama Pask!"

"Sijakubali. Nimefukuzwa. Ni vitu viwili."

"Amekufukuza nani?"

"Wewe." Akanigeukia. "Na huyu na amina yake. Tangu jana watu wa Holbeche wanapanda ua wa miiba kando ya kijito, upande wetu. Nikawaambia haya ni malisho ya wote, ya babu zetu. Wakaniambia, 'Mama, kasisi wenu amepita hapa Jumatatu na zaburi yake. Kamuulize yeye.' Basi nimekuja kukuuliza."

Kasisi aliinuka kitini.

"Ng'ombe wangu atakula nini, Kasisi? Majani ya ramani?"

"Mimi nilifuata..."

"Najua ulichofuata. Haya, tuandike, twende zetu. Ila nijibu moja kwanza." Akasogea ukutani, akaweka kidole chekundu juu ya Virginia. "Hili shamba tutakalopewa, mpaka wake alitembea nani?"

"Huko hakuna mipaka, mama. Ni nchi wazi."

"Na hawa wenye pinde?"

"Ni wenyeji."

"Wanakula nini?"

"Wanalima mahindi, inasemekana. Na maboga."

"Mtu halimi hewani. Anayelima anajua shamba lake linaishia wapi na la jirani linaanzia wapi. Basi na wao wana mzee wao Jerom, mahali fulani, anayeijua njia. Mmemuuliza? Au naye alikuwa anaumwa magoti?"

Kasisi aliisogelea ramani, akawatazama wale wadogo wenye pinde.

"Nataka kujua tu," alisema Tamsin, na sasa sauti yake ilishuka, "tukifika kule, tutakuwa akina Pask, au tutakuwa akina Holbeche?"

Akatoka. Hakuubamiza mlango. Kasisi akachukua kofia yake.

"Lambert, lete koleo. Twende tukamtoe Mzee Jerom."

Tulimsukuma Jerom kwenye mkokoteni njia nzima, na njia nzima alitutukana.

"Miaka arobaini natangulia! Arobaini! Mkashindwa kuningoja kwa muda wa kunywa kikombe! Punguza, Lambert, mgongo wangu si gunia la shayiri. Msomi wewe! Tangu ujue kusoma umekuwa mjinga kabisa."

"Lilikuwa wapi, mzee?" aliuliza Kasisi.

"Vukeni maji. Mbele. Mbele bado. Chini ya mwaloni huo... hapo. Hapo ndipo waliponigonga mwaka alipokufa malkia yule wa zamani, mimi nikiwa mtoto mwenye suruali mpya. Sijasahau mimi, wala matako yangu."

Palikuwa na nyasi tu. "Chimbeni," alisema Jerom. "Wazee hawakuwa wapumbavu. Jiwe linasogezwa, kila mwizi anajua. Kwa hiyo chini yake walizika mkaa. Mkaa hauozi, na hakuna mwizi anayekumbuka kuubeba."

Nikachimba. Kwa kina cha goti nikakuta udongo mweusi, kisha vipande vya mkaa vikubwa kama ngumi. Kasisi alipiga magoti matopeni na joho lake, akavitoa kwa mikono. Kisha tukarudi kwenye lile jiwe jeupe upande wetu, nikachimba kandokando yake mpaka likainama. Chini yake palikuwa na udongo mwekundu na mnyoo mmoja.

Tulimkuta Bwana Holbeche uwanjani kwake akitazama mbwa wake wakilishwa. Kasisi alimwonyesha mkaa.

"Jiwe limesogezwa, bwana."

"Na nani?"

"Sisemi na nani. Nasema lirudi."

Bwana Holbeche aliufuta mkono wake kwa leso. "Kasisi, mimi nilikushika mkono Jumatatu? Ulipita mwenyewe, mbele ya parokia nzima."

"Kwa ramani uliyonipa."

"Na wewe ukaisoma. Si unajua kusoma?" Akatabasamu, si kwa ubaya. "Sikiliza. Orodha yako sasa imetimia, si kweli? Pask hana malisho, basi Pask anasafiri. Huko atapata ardhi mara mia ya hii, bila jirani, bila kijito cha kugombania. Si ndivyo unavyohubiri? Au uliyasema bila kuyaamini?"

"Niliyaamini."

"Basi yaamini na leo. Mahubiri yako yatachapwa kabla ya mavuno."

Kasisi aliinama, akaondoka. Kwenye lango la kanisa alisimama, akaniuliza kama kutoka benchi ya mwisho niliwahi kuyasikia mahubiri yake ya Virginia vizuri. Nikamwambia kweli, kwamba mimi hukaa mbele.

Tangu hapo watu wameyasimulia mambo haya kwa namna nyingi. Wapo wanaosema Kasisi alitupa ramani yake motoni. Hakuitupa. Wapo wanaosema hakuitaja tena Virginia. Aliitaja mpaka alipokufa, na aliendelea kuamini kwamba watu wetu wangekwenda na kwamba ingefaa waende. Kaya saba zilikwenda, wengine kwa hiari, na habari zao za baadaye si zote nzuri. Ila kila aliyekuja kwake kuandikwa alimwuliza kwanza kama ana kitu Thornsby ambacho amenyang'anywa. Na kwenye ile sehemu tupu ya ramani aliandika kwa mkono wake, kwa herufi ndogo: *Mzee wa hapa ni nani?* Hakupata jibu, nami sijui kama alimtumia mtu yeyote swali hilo.

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya Hobday, mchukuzi wa barua na mizigo, kupita. Asubuhi Kasisi alikuwa mezani. Mbele yake palikuwa na orodha ya London, majina saba na nafasi moja chini, na karatasi nyingine safi. Kalamu ilikuwa mkononi. Alikaa hivyo mpaka uji ukapoa.

"Nikimwandikia Askofu," alisema, "nitaandika kwamba nilitembeza parokia yangu kwenye mpaka wa uongo, nikaufunga kwa laana. Kila karani wake ataisoma."

"Ndiyo, Kasisi."

"Na Holbeche hatasema neno lolote London kwa ajili yangu."

"Hapana, Kasisi."

"Ulikuwa na nafasi ya kusema, Jumatatu, pale kijitoni. Uliona kwamba jiwe halikuwa mahali pake?"

Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona. "Niliona, Kasisi. Nikadhani karatasi inajua."

"Nami hivyo hivyo." Akaisukuma ile orodha pembeni, ikiwa na majina saba, akaanza kuandika.

Barua haikuwa ndefu. Alisema kosa lilikuwa lake, kwamba hakuwangoja wazee, kwamba mkaa umeonekana ng'ambo ya kijito mbele yake na mashahidi wawili, na kwamba anaomba ruhusa parokia itembee upya, Jerom Cobbold akitangulia. Hakumtaja Holbeche kwa jina. Alinipa nisome kwa sauti, nikasoma bila kukwama, naye akaitikia kwa kichwa.

Nje, gari la Hobday lilikuwa limesimama, na Tamsin Pask alikuwa ameegemea ukuta wa kanisa na ng'ombe wake kwa kamba, akimlisha majani ya makaburini kwa kuwa hapakuwa na pengine. Alitutazama kupitia dirishani.

Kasisi alikunja barua, akatia ndani kipande kidogo cha mkaa kilichofungwa kwa kitambaa, akayeyusha lakiri juu ya mshumaa na kuidondosha kwenye mkunjo. Akaikandamiza kwa pete ya baba yake. Kidole chake gumba kiliacha alama nyeusi kando ya lakiri, akajaribu kuifuta, ikaenea zaidi, akaiacha.

"Kwa Askofu," alimwambia Hobday, "mkononi mwake."

Hobday akaitia kwenye mfuko wake wa ngozi, akapiga mluzi, farasi wakaondoka.