Pigo la Sita

Jumapili ya pili ya Machi, saa nne asubuhi, Kazimir Obremski alinyoosha mkono juu ya friji kumteremshia mkewe kopo la asali ya miwa, na bastola iliyokuwa nyuma ya kopo ikaja nalo. Kopo alilidaka. Bastola ilianguka kwenye meza ya kupikia, ikatua kwa mgongo, ikalia.

Risasi ilitoka na kuanza safari kuelekea dirishani, kwa mwendo wa unene wa kidole kimoja kwa siku.

"Umevunja sahani?" aliuliza Blanche, bila kugeuka. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kando ya dirisha, akimenya viazi.

"Hapana," alisema Kazimir. "Ni bastola."

"Ile ya zawadi?"

"Ile ile."

Blanche aligeuka akaitazama risasi, iliyokuwa imening'inia hewani kama nyuki anayefikiri. Kisha akafuata kwa macho njia yake hadi pale ingeishia: kifuani mwake mwenyewe.

Jioni Kazimir alichukua uzi na rula, akapima. Zilikuwa mita nne. Alipiga hesabu nyuma ya bahasha, akairudia mara mbili. Risasi ingefika kwenye kiti baada ya siku mia mbili, yaani mwishoni mwa Septemba.

Bastola hiyo alipewa na kiwanda cha Thornlow siku alipostaafu, jina lake likiwa limechorwa ubavuni. Aliiweka na risasi ndani ya chemba, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili angelifanya na bastola ya kiwanda kingine. Lakini wafanyakazi wa Thornlow, wote, waliziweka hivyo. Muhuri wa Thornlow ulikuwa na maana, na kwa miaka arobaini na mmoja maana hiyo ilikuwa Kazimir mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuangusha. Katika Chumba cha Saba, upande wa mtoni, palikuwa na gogo la mwaloni lililofungwa sakafuni kwa misumari ya reli. Kazimir aliweka ndani ya bastola ganda lenye fataki tu, bila baruti wala risasi, akainua mkono hadi usawa wa kidevu, akaachia. Aliangusha kwa mdomo, kwa kitako, kwa ubavu wa kulia, kwa ubavu wa kushoto, kwa tumbo. Pigo la sita lilikuwa la mgongo. Bastola ikinyamaza mara sita, alichora msalaba wa chaki kwenye trei yake. Ikilia hata mara moja, alichora duara, na trei ikarudi kwa mafundi ghorofani. Hakuna aliyebishana na duara. Mzee Thornlow, yule wa zamani aliyekula chakula chake cha mchana kwenye kopo la bati kama wengine, aliwahi kushuka ngazi mwenyewe na trei kumi na nne zenye duara mikononi, akasema tu, "Obremski, umeniharibia Ijumaa." Jumatatu zilirudi zikiwa zimetengenezwa.

Siku hizo ukipita daraja la mto saa saba mchana, madirisha yakiwa wazi, ulisikia mapigo yale sita na kimya baada yake. Wanawake wa Mtaa wa Cedar walianika nguo kwa kufuata mapigo hayo. Blanche alikuwa akisema aliolewa na kimya kile.

Chumba cha Saba kilifungwa mwaka aliostaafu. Gogo lilitupwa nje ligeuzwe kuni, naye akalisukuma hadi nyumbani kwa toroli na kuliweka chini ya nyumba, karibu na tanuri la kupashia joto.

Juma lile la risasi alikiandikia kiwanda barua kwa mkono, kamusi ikiwa kando, kwa sababu sarufi yake aliipata darasa la jioni na hakutaka kuiaibisha. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Lilisema bastola za Thornlow zinatimiza na kuvuka viwango vyote vya usalama, na lilimshukuru kwa uaminifu wake.

"Hawakuuliza hata hali yangu," alisema Blanche.

"Tusogeze kiti, mama."

"Kiti hakisogei. Miguu yake imeshachimba sakafu, tazama. Nimekaa hapa tangu mwaka tuliofunga ndoa."

"Blanche."

"Uliwapa miaka arobaini na mmoja, mzee wangu. Waje waseme, 'Obremski, tumekosea.' Nitasogea siku hiyo. Mimi si wa kuhama kwa sababu ya barua."

Aprili Kazimir aliweka kikaango cha chuma mbele ya risasi. Ilikitoboa taratibu, kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, ikaendelea. Mei ilivuka juu ya bakuli la sukari. Ilikuwa na joto la kikombe cha kahawa, na asubuhi za baridi Blanche alisimama kidogo kando yake akipasha vidole. Mji ulikuwa na risasi nyingine tatu za namna hiyo mwaka huo. Moja ilikuwa kwa kinyozi, na wateja waliombwa wainame wanapoingia.

Agosti kiwanda kilimtuma kijana wa idara ya wateja, Prentiss Loomis, mwenye viatu vya kahawia na adabu nyingi. Blanche alimkatia pai ya buluberi. Loomis aliinama chini ya risasi kuipokea sahani, akashukuru.

"Mama, pai hii haina mpinzani," alisema.

"Risasi je?"

Loomis aliipima kwa kifaa, akaandika. "Kwa sasa haijampata mtu. Kwa hiyo kwa lugha yetu bado si ajali."

"Itakapofika hapa?" Blanche aligusa kifungo cha sweta yake.

"Hapo tungefungua faili."

Kazimir aliweka kikombe chini. "Kijana, mliiangusha kwa mgongo?"

"Kiwango kinataka mapigo matano, Bwana Obremski. Matano tumeyafanya, kwenye mkeka wa mpira, kama kinavyoelekeza."

"Sijakuuliza kiwango. Nimeuliza mgongo."

Loomis alitazama pai yake. "Mgongo haumo," alisema. Kisha akatoa sanduku la kadibodi lenye anwani ya kiwanda. Kiwanda, alieleza, kilikuwa kimeanzisha maboresho ya hiari. Mteja akipenda atume bastola, atabadilishiwa kifyatulio, bila malipo. Si kwamba kulikuwa na kasoro.

"Mnatengeneza kisicho na kasoro," alisema Blanche. "Mna muda nyie!"

Kazimir aliitoa bastola risasi zote, akaituma. Ilirudi tarehe ishirini na tano Septemba, ikiwa na barua. Risasi ilikuwa imebakiza upana wa kiganja kufika kwenye sweta ya Blanche, naye alikuwa akifuma, akikunja kiwiko ili asiiguse.

Kazimir alishuka chini ya nyumba. Katika kopo la tumbaku alikuwa na maganda sita ya zamani yenye fataki. Alisimama mbele ya gogo la mwaloni, akainua mkono hadi kidevuni. Blanche, juu, alisikia mapigo. La kwanza. La pili. Aliacha kufuma. La tano. La sita lilichukua muda, maana mzee aliigeuza bastola mara mbili kuhakikisha mgongo uko chini.

Kisha kimya.

Alipanda ngazi akiwa na vumbi la chaki vidoleni.

"Imenyamaza," alisema. "Mgongo na yote. Walijua pa kutengeneza."

"Na barua inasemaje?"

"Inasema haikuwa na kosa."

Blanche aliweka sindano zake kwenye kikapu. Alifikiri kwa muda wa kutosha viazi kuchemka. Kisha akasimama, akakishika kiti mwenyewe, akakivuta hatua mbili kushoto. Vishimo vinne vilibaki sakafuni.

"Sijasogea kwa ajili yao," alisema. "Nimesogea kwa sababu wewe umeniambia bastola imepita."

Ilipofika Novemba walifungua dirisha, wakaiacha risasi itoke. Baridi iliyoingia nayo waliivumilia kwa koti.

Maboresho yalikuwa ya hiari, na wengi hawakutuma. Muhuri ulikuwa muhuri. Lori za Thornlow ziliendelea kuvuka daraja kila Jumatatu.

Kazimir alichukua uzi, akaunyoosha kufuata njia ya risasi, iliyokuwa ikipanda kidogo kidogo, akavuka barabara hadi kwa Theodora Lapointe, muuguzi, akaomba kupanda ghorofani. Uzi uliishia ukutani, juu ya mto wa kulalia.

"Lini, Mzee Kaz?" aliuliza Theodora.

"Miaka minne na ushee."

"Basi nitageuza kitanda kabla ya hapo. Kichwa nikiweke upande gani?"

Alimwonyesha. Kisha akatoa chaki mfukoni na, kwa mkono uliotulia, akachora duara ukutani.