Mistari Iliyokosekana Kibaoni

Mzamiaji waliyemwita Chura alikaa kwenye ngazi ya bandari, maji yakimchuruzika, akikitazama kibao chake cha kuandikia majini kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine. Wanaosugua meli chini ya maji huandika saa na kina kila baada ya dakika nne. Saa nne na dakika kumi, mita saba. Saa nne na dakika kumi na nne, mita saba. Kisha mkwaruzo mrefu, basi.

Sasa ilikuwa saa nne na nusu.

"Nimevuta kamba ya ishara mara tatu, kimya," alisema shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye huzama naye. "Nikajua bado umeninunia kwa lile bao la jana."

"Hukuvuta."

"Mkono ni wangu, shemeji, sijauazima. Nimezunguka nikakukuta umeng'ang'ania kamba, macho umeyakodoa, brashi imezama. Nakupungia, unanitazama kama ukuta. Nikakushika kwapani, nikapanda nawe."

Chura hakukumbuka kupanda. Alikigeuza kipumulio chake. Mpira wa kuuma mdomoni ulikuwa umetafunwa hadi jino limepenya. Je, kama angeutema kule chini?

Miaka mitatu iliyopita alianguka jikoni, akatetemeka, akazinduka mkewe akilia. Tangu hapo vidonge, asubuhi na jioni. Vya asubuhi vilimlegeza, naye hakutaka kusinzia majini, kwa hiyo siku za kuzama aliviruka. Aliona huo ndio uangalifu. Kwenye fomu ya afya, penye dawa anazotumia, aliandika "hakuna", na moyo haukumsuta, maana siku hiyo kweli hakuwa amemeza. Daktari wake naye, Chura alikuwa amemwambia tu kuwa anafanya kazi ya usafi.

Sasa hakuelewa. Dawa ingemlaza majini. Kukosa dawa kumemfanya nini? Alijaribu kuipanga hesabu kichwani, ikamponyoka kila mara palepale kwenye mkwaruzo.

Msimamizi akaja na fomu za mzamo wa pili, kalamu sikioni. "Chura, saini hapa. Meli inaondoka saa tisa."

Chura aliishika kalamu. Akasoma swali la dawa mara mbili, kama mgeni wa kusoma.

"Bosi, kuacha dawa kunaandikwa wapi?"

"Dawa gani?"

"Ya kifafa."

Shemeji akaacha kukunja kamba. "Dada anajua?"

"Anajua nameza."

"Na kuzama hujui kwamba..." Shemeji alikitazama kile kipumulio kilichotafunwa, kisha mikono yake mwenyewe.

Msimamizi aliichukua fomu taratibu, akaikunja. "Wenye kifafa hawazami, Chura. Wameze, wasimeze."

"Kwa hiyo leo sizami?"

Shemeji alichuchumaa mbele yake, akaanza kumfungua mkanda wa vipande vya risasi, uzito wa kuzamia, kiunoni, kipande kimoja kimoja, naye Chura akainua mikono kumpisha, bado akiuliza ni saa ngapi.