Asilimia Thelathini na Moja

Niliandika thelathini na moja kwa wino. Wenzangu wote kumi na watano waliandika themanini na kitu.

Lilikuwa somo la maabara la usanisi: unachanganya kemikali mbili upate ya tatu, unaichuja, unaikausha, unaipima. Uzito ulioupata unalinganishwa na ule ambao hesabu inasema ungepaswa kuupata, na hiyo asilimia ndiyo inayokupa alama au kukunyima. Safari hii tulitengeneza unga wa njano kutokana na benzaldehaidi, kimiminika chenye harufu ya lozi. Wangu ulitoka umepauka, unanata kwenye kijiko, na kiasi chake ni cha kusikitisha.

Wa wenzangu ulitoka vilevile, nina macho. Lakini darasa lilikuwa na Babu. Babu ni daftari la mwanafunzi aliyemaliza zamani, lililorithishwa darasa hadi darasa, kila jaribio na jibu lake. Kwa jaribio hili Babu alisema themanini na mbili. Jirani yangu wa meza, tuliyemwita Kasuku, akaandika themanini na mbili nukta nne.

"Nukta nne ni ya kunogesha," aliniambia, na kichupa chake cha unga mizani hata haijakiona.

Mwalimu wa maabara, ambaye kwa siri tulimwita Mizani, alifika kwenye ukurasa wangu akavua miwani.

"Thelathini na moja?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nimepima mara tatu."

"Darasa zima wanaweza, wewe una nini? Kata hiyo namba, andika pembeni 'kosa la mwanafunzi', uniletee hesabu inayoeleweka Jumatatu. La sivyo sisaini."

Maabara ile wino haufutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, unaweka sahihi, na ukurasa usio na sahihi ya mwalimu ni sifuri. Mimi nilikuwa narudia somo hilo. Mara ya kwanza nilifeli kwa kuchelewa na kuvunja vyombo, hilo nakiri. Ukifeli mara ya pili unafungasha virago.

Jumamosi nikampigia mama, fundi wa kushona sare za shule. Alinisikiliza huku cherehani ikilia.

"Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Si namba tu hiyo?"

"Mama, mteja mwenye kiuno cha inchi arobaini, wewe utamwandikia thelathini na sita?"

"Nitamwandikia afurahi, halafu suruali nikate ya arobaini."

Nilicheka, nikakasirika zaidi. Cherehani ikanyamaza. "Nimeinamia cherehani hii kwa ajili yako miaka mingapi?" aliuliza. "Usije ukarudi mikono mitupu kwa sababu ya ukaidi." Nilikuwa na hofu kuliko yeye, ila sikumwambia.

Jumapili nilikaa na kitabu cha kemia kutafuta nilipoharibu. Nikakumbuka ukoko mweupe kwenye shingo ya chupa ya benzaldehaidi tuliyochotea sote, ambao niliufuta kwa kitambaa bila kuwaza. Kitabu kilieleza waziwazi: kimiminika hicho kikikaa na hewa hugeuka polepole kuwa asidi nyeupe, na asidi hiyo hula dawa inayoendesha jaribio. Chupa ilikuwa imechoka. Kwa chupa ile hakuna ambaye angefika themanini, hata Babu mwenyewe.

Jumatatu nikaweka daftari mbele ya Mizani. Thelathini na moja palepale.

"Hukukata."

"Sikati, Mwalimu. Chupa imeharibika."

"Wenzako walitumia chupa gani?"

Kasuku alinikanyaga mguu chini ya meza, na nilimwelewa. Ningeweza kusema tupime vichupa vyote, na wote kumi na watano wangeumbuka. Sikuwa na ugomvi nao.

"Sijui ya wenzangu," nilisema. "Fanya wewe, Mwalimu. Chupa ileile, vipimo vilevile. Ukipata themanini nitakata mwenyewe, na virago nitafunga leo."

Mtu mmoja aliguna. Mizani akafunga vifungo vya koti lake jeupe. Alikuwa na mikono mizuri, lazima niseme. Hakumwaga tone. Alikoroga nusu saa, akachuja, akaosha, akaweka kwenye oveni saa nzima, na hakuna aliyetoka hata kwenda chooni. Unga ulitoka umepauka. Aliuweka juu ya mizani, nikasoma uzito kwa sauti, nikapiga hesabu, nikaandika kwenye daftari langu chini ya namba yangu.

Asilimia ishirini na saba.

Akainama karibu na sikio langu. "Yangu iandike themanini," alisema taratibu. "Nitasaini zote mbili, yako na yangu. Mambo yaishe."

"Nimeshaandika, Mwalimu. Kwa wino."

Alisimama na kalamu yake mpaka nikadhani hatasaini kamwe. Kisha akasaini, kwa nguvu, kalamu ikatoboa karatasi. Ile chupa aliibeba mwenyewe hadi kwenye pipa la taka za kemikali.

Alama zilibandikwa mlangoni baada ya wiki. Mavuno makubwa, alama kubwa, hilo halikubadilika. Kasuku alipata tisa kati ya kumi. Mimi nilipata tano, na tano ndiyo ya kupitia.

"Umeona sasa?" Kasuku aliniambia kwa huruma ya kweli. "Tano kwa kelele zote zile!"

"Nimeona," nilimjibu. "Ya kwako uliipima lini?"

Nilimwacha pale mlangoni, nikaingia ndani kuosha vyombo vyangu kwa jaribio linalofuata.