Tukonde Pamoja

Pata. Pata. Pata. Kimya.

Opiyo hakuhitaji kuchungulia nje ili ajue. Hizo zilikuwa ndala za mama yake, Rispa, zikipanda ngazi za jengo lao la mtaa wa Komarock, na kimya hicho kilikuwa cha ghorofa ya pili, mahali ambapo kila jioni alisimama akijifanya anatafuta kitu mkobani. Kimya kingine kingefuata ghorofa ya tatu. Wao walikaa ya nne. Rispa alishona sare kiwandani Industrial Area, ameketi kutwa nzima, na siku hizi presha yake ilipanda vizuri kuliko yeye. Daktari alikuwa amemwambia wazi: asipouzoesha mwili kutembea, moyo utamwangusha.

Kwa hiyo Marion, muuguzi aliyeanzisha mazoezi ya bure ya familia kila Jumamosi katika ukumbi wa mtaa, alipouliza ni nani angeyatangaza, Opiyo aliinua mkono kabla swali halijaisha. Nani mwingine? Alikuwa amejifundisha vina na mizani peke yake, kwa daftari la kurasa mia mbili, na hakuwa na shaka kwamba mitaa yote ya Eastlands ilikuwa ikimsubiri. Alitafuta jina la mazoezi hayo kwa siku tatu. Alipolipata alijipigia makofi, akaliandika kwa rangi nyekundu, akalibandika kwenye lango la kila jengo:

TUKONDE PAMOJA.

Chini yake aliweka beti saba. Hakuna aliyezifikia.

Jumamosi walikuja watu wanne. Mmoja wao, mzee Wakoli, mpakiaji wa magunia, alikuja na mfuko mtupu.

"Nimesoma 'tukonde' nikajua ni wagonjwa waliokonda wanasaidiwa," alisema. "Unga uko wapi?"

"Hakuna unga, mzee. Ni mazoezi."

"Mazoezi? Kijana, nimebeba magunia tangu Jumatatu. Kukonda nimeshakonda, tena peke yangu."

Opiyo alipanda jukwaani na bango lake moja, akaliegemeza ukutani nyuma yake. Aliwaamuru wachuchumae, wasiinuke mpaka ubeti uishe. Ulikuwa ubeti wa mistari minne, mizani kumi na sita kila mstari, na aliusoma kwa madaha, akivuta sauti kila penye kina. Mstari wa pili, magoti ya jirani yao Mama Lenah yalianza kutetemeka. Wa tatu, akaketi sakafuni bila kuomba ruhusa.

"Wewe malenga," Wakoli aliita kutoka huko chini, "huo ubeti una mkia? Hebu chuchumaa wewe ndio uusome!"

Kiburi kilimjibia. Alichuchumaa. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ulitoka vipande vipande. Katikati ya wa tatu mapaja yalikataa, akaanguka chali, na bango likamfuata usoni. Mlangoni mtu alicheka mpaka akashika nguzo. Alikuwa mama yake, aliyekuja kuchungulia tu huku akiapa kwamba haingii.

Walirudi nyumbani pamoja. Ghorofa ya pili Rispa alisimama. Opiyo naye, mapaja yakimwaka moto, alisimama, na safari hii hakuna aliyejifanya anatafuta kitu.

"Mama, mbona hukuingia?"

"Yawa, Opiyo! Unaandika 'tukonde' kwenye lango langu halafu unataka niingie? Mimi nilikonda mara moja tu, mwaka tuliomzika baba yako. Majirani waliniletea uji huku wakinong'ona. Nikienda nyumbani Siaya leo nimekonda tena, watasema nimepatwa na nini? Au mwanangu ananinyima chakula?"

Kwenye daftari lake Opiyo alikuwa na maneno kumi na tisa yanayoishia kwa "onda". Hakuna hata moja lililowahi kumwambia hayo.

"Basi wewe unataka nini?"

"Nataka kufika mlangoni kwangu bila kusimama. Basi. Ungeandika hivyo, ningekuja. Hata Mama Lenah angeleta wenzake wa ghorofa ya tano."

"Nimekuja na nimeketishwa chini," sauti ya Mama Lenah ilitokea nyuma yao. Alikuwa ngazi tatu chini, mikono magotini, akihema.

"Nitayabandua mabango yote leo," Opiyo alisema. "Nitaandika 'Tufike Juu'. Mazoezi yatakuwa ya kupanda ngazi. Halafu nitatunga..."

"Opiyo."

"Ubeti mmoja tu, mama, mfupi..."

"Opiyo! Pumzi niliyo nayo ni ya kupanda au ya kukusikiliza. Chagua moja."

Mama Lenah alicheka. Opiyo alitazama ngazi zilizobaki, akamtazama mama yake, ambaye kifua chake kilikuwa bado kinapanda na kushuka.

"Nitapanda na wewe," alisema polepole.

"Sema kwa sauti. Mama Lenah awe shahidi."

"Naahidi, mama!" Sauti yake ikagonga kuta mpaka juu. "Kila jioni ukitoka kazini nitakungoja pale langoni, tupande pamoja, na sitafungua mdomo mpaka tufike mlangoni."

"Hata kina kimoja?"

Opiyo aliufumba mdomo kujaribu, kisha akaufumbua.

"Hata kina kimoja, mama."