Milunka Nje ya Ukuta

Jumamosi saa nne asubuhi, Radivoje Cvejin, fundi lifti mstaafu wa mjini Zrenjanin, Serbia, alivaa miwani, akaketi jikoni na kompyuta, akafungua ule ukurasa wa mipangilio ya ndani ya ruta, kisanduku cha kugawa intaneti nyumbani, ambao watu wenye akili zao huuacha ulivyo. Radivoje hakuwa mtu wa kuacha kitu kilivyo. Wiki ile mpira ulikuwa umekwama mara mbili kwenye televisheni, kwa hiyo lazima kulikuwa na mtu humo ndani anayemlia intaneti yake.

Ruta ilimtaka apange vifaa kwa kipaumbele. Televisheni yake akaipa nafasi ya kwanza, simu yake ya pili, simu ya mama yake, Stamenka, ya tatu, na kamera ya kulinda gari ya nne. Simu ya Milunka, mkewe wa ndoa ya miaka thelathini na mmoja, ikawa ya mwisho. Kisha ruta ikauliza kama kuna kifaa cha kuwekwa nje ya ukuta wa ulinzi, kipokee kila kinachokuja kutoka nje ili vingine vipumzike. Radivoje hakufikiri hata kidogo. Alichagua simu ya Milunka, akahifadhi, akajiona bingwa.

Upepo ulianza kabla ya chakula cha mchana. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, lakini kitambaa cha Milunka kilipepea kichwani, na supu iliyopoa ilikuwa yake peke yake. Stamenka, ambaye kama kila mtu huku anaamini kwamba upepo wa kupenya chumbani umeua wengi kuliko vita, aliziba chini ya mlango kwa taulo.

"Wewe binti, hebu kaa kule," alisema. "Utaniharibia shingo."

Maneno ya Milunka nayo yakaanza kuchelewa. Mwanzoni ilikuwa nusu saa. Radivoje alipomnunulia mama televisheni ya chumbani na kuiweka mbele ya mkewe kwenye orodha, yakachelewa siku nzima. Alipoongeza kifaa cha kuwasha hita kwa simu, yakawa siku tatu. Midomo ilicheza leo, sauti ikaja kufika mwenyewe yuko sokoni. Radivoje akawa anaitikia kwa kichwa tu, kazi ambayo, tuseme kweli, alikuwa ameizoea tangu harusi.

Jumanne moja Milunka alimwomba ampeleke hospitali Alhamisi, akachukue majibu ya uvimbe wa titi. Ombi lilifika Ijumaa, Radivoje akinyoa ndevu.

"Alhamisi si ilikuwa jana!" alifoka mbele ya kioo. "Mbona hukusema mapema, mwanamke wewe?"

Milunka alikuwa amekwenda kwa basi, koti likimpepea katikati ya abiria waliovua kofia kwa joto. Siku iliyofuata Radivoje alinunua mashine ya kufagia inayojiendesha, akaiweka nayo mbele ya mkewe kwenye orodha, na maneno yakachelewa siku sita.

Jumatatu Milunka alisimama kando ya televisheni, begi mkononi. Alizungumza kwa muda mrefu, bila kulia. Radivoje aliitikia kwa kichwa, akamwashiria asogee kidogo. Milunka aliacha na barua mezani, lakini upepo, ambao ulikuwa wake, ulitoka naye na ukaichukua.

"Mkeo kaenda wapi?" Stamenka aliuliza Jumatano, akila maharage ya kopo.

"Hajasema."

Nyumba ilikuwa na joto zuri. Shingo ya Stamenka ilipona, na mpira haukukwama tena.

Jumapili, dakika ya sabini ya mchezo, sauti ya Milunka ilifika sebuleni, safi, kila neno mahali pake. Ilisema kwamba uvimbe ni mbaya na matibabu yanaanza mjini Novi Sad, kwa hiyo atakaa kwa dada yake. Ilisema amechoka kuzungumza na mgongo wa mtu aliyevaa fulana. Ikaomba kitu kimoja tu: Radivoje ajibu neno lolote, hata tusi, ili ajue kwamba amesikika, naye atabaki kuwa mkewe. Ikangoja jibu. Kisha ikaaga.

"Kasema nini?" Stamenka aliuliza.

"Sijui, mama, nilikuwa naangalia penalti," alijibu Radivoje, akaongeza sauti ya televisheni. "Akirudia nitamsikia."