Vinywa vya Mgongoni

Saa tatu asubuhi mshonaji nguo alikaa ukingoni mwa kitanda cha upasuaji, akakumbatia mto. Alikuwa anajifungua kwa mara ya pili. Mgongoni alikuwa na vinywa vitatu vya uzazi wa kwanza, kila kimoja kama tundu la kifungo cha shati. Ndiko daktari wa usingizi alikomchoma mara tatu akiutafuta uti wa mgongo. Siku ile muuguzi alimwambia, "Jikaze mama, wenzako hawapigi kelele." Akanyamaza, na baada ya wiki ngozi ikafunguka.

Khaa, vinatia kinyaa. Vinatoa udenda, vinalowesha blauzi, na asubuhi vinanuka. Mumewe huvisafisha kwa mswaki wa mtoto, pua kaibana. Wodi nzima ya wazazi wanavyo. Hospitali nayo haikukaa bure, ilileta plasta pana za kuvifunika.

"Daktari, naomba ile sindano ndogo ya kutia ganzi ngozi kwanza," alisema mshonaji. Dawa yenyewe ilikuwa palepale kabatini, boksi zima, halijafunguliwa.

"Hiyo nayo si sindano? Ya nini kuchomwa mara mbili?"

"Uzazi ule ulimchoma mara tatu," kilisema kinywa cha juu.

"Tena bila hata pole," kikadakia cha kati. Cha chini kilikuwa kinalia tu, mama wee, mama wee.

"Muuguzi, plasta," alisema daktari.

"Ni dakika mbili tu, daktari wangu," mshonaji alibembeleza. "Mimi hata jinzi naipaka sabuni kabla sijapitisha sindano."

"Watu wananisubiri, mama."

Muuguzi alibandika plasta. Akalainisha pembe zote nne kwa kidole gumba, akatoa mapovu ya hewa, akaibandua, akainyoosha upya. Alitumia dakika tano, na daktari alisimama akimsubiri. Kisha akasema, "Jikunje," akachoma chini kidogo ya plasta. Mshonaji aliung'ata mto.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Mwezi uliofuata lile boksi la ganzi lilitupwa, muda wake umepita, gundi ya kifuniko haijaguswa.

Kinywa cha nne kilikuwa kimeshafunguka. Mume alilowesha mswaki, akainama.

"Hiki nacho kinasemaje?" aliuliza mshonaji, kajifunika kanga kifuani, mtoto ananyonya.

"Kinasema ni dakika mbili tu."

"Kisugue vizuri," alisema mshonaji. "Kesho nina wateja."